Mnafundishana kuchomoa bastola, nani atawafundisha kutochomoa?

Wadau, kuna ubishi umekolea vijiweni hapa Tukuyu na mimi nimeuchoka. Vijana wanaangalia video kwenye simu: jamaa kavaa miwani myeusi, anachomoa bastola kiunoni na kupiga shabaha kabla hujapepesa jicho. Kijiwe kizima kinashangilia, "Huyo ndiye mtaalamu!" Na wenye vijisenti vyao vya parachichi na mbao nao wanaulizana nani atawafundisha kuchomoa namna ile.

Nasema hivi: anayekuanzishia na kasi hakufundishi silaha. Anakuandaa kumuua asiyestahili kufa, au kujipiga paja mwenyewe.

Tuutazame ufundi wenyewe. Hatua ni chache. Mkono mmoja unashika mpini sawasawa bastola ikiwa bado kwenye ala, mkono wa pili unatulia kifuani. Bastola inapanda wima hadi itoke. Mtutu unageukia mbele, mikono miwili inakutana karibu na kifua. Mwisho unainyoosha hadi usawa wa macho. Muda wote huo kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola, nje ya triga. Mwalimu wa kweli anaanza na silaha tupu, iliyokaguliwa zaidi ya mara moja, risasi zikiwa chumba kingine, na anakurudisha polepole mpaka uchoke. Kasi inakuja yenyewe mwili ukishaacha mikogo. Na kuirudisha kwenye ala ndiyo kabisa hakuna haraka, maana hapo ndipo pindo la shati au kidole hunasa triga na risasi ikatoka.

Hata wakubwa wa fani hiyo hawakuanza na kasi. Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa Marine wa Marekani, alifungua shule yake ya bastola Arizona mwaka 1976, na mwaka huohuo akawa rais wa kwanza wa IPSC, shirikisho la mchezo wa kulenga shabaha. Kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini: usahihi, nguvu, kasi. Kasi ni ya tatu, jamani! Sisi tumeidaka ya tatu tukazitupa mbili za mbele.

Najua mtaniambia, "Jambazi hasubiri." Kweli, hasubiri. Na Kanuni ya Adhabu inatambua haki ya kujilinda, ila kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Lakini ukungu wa Rungwe mnaujua, na umeme ukikatika usiku mnajua giza lake. Nusu sekunde uliyookoa kiunoni itakusaidia nini kama hujamtambua anayegonga geti? Inawezekana ni shemeji yako kachelewa basi la Mbeya.

Na tatizo haliko kwa raia peke yao. Machi 23, 2017, Nape Nnauye, aliyekuwa ametoka kuondolewa uwaziri siku hiyohiyo, alifika hotelini Dar es Salaam kuzungumza na waandishi wa habari. Mtu aliyevaa kiraia akamchomolea bastola mchana kweupe, kamera zikitazama. Mkono ulijua njia ya kiunoni. Alichokosa ni sababu. Nape hakuwa na silaha, alikuwa na maneno.

Sisi waandishi wa Rungwe tuna kaburi la kutukumbusha. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Septemba 2, 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, akazikwa kijijini Busoka, wilayani kwetu hapa. Haikuwa bastola. Lilikuwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Sasa niambieni, askari yule alipungukiwa nini? Kufyatua alijua. Alipungukiwa na lile somo ambalo vijiwe haviliulizi.

Somo lenyewe si siri. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinamtaka askari ajitambulishe na atoe onyo kwanza, isipokuwa pale kuchelewa kunapohatarisha maisha. Zinataka pia afundishwe kushawishi, kujadiliana na kuelewa tabia za umati. Yaani mdomo kabla ya mtutu.

Basi ombi langu kwa wanaopitisha maombi ya silaha, wanaofundisha mgambo na makampuni ya ulinzi: acheni kumpima mtu kwa kopo lililotobolewa. Mleteeni mlevi anayetukana. Mleteeni mtoto anayekimbia gizani. Mleteeni mwandishi mwenye kamera nyeusi mkononi. Atakayechomoa mbele ya hao, hata kama ana kasi ya umeme wa radi, arudi nyumbani bila silaha. Atakayerudi nyuma hatua moja, akauliza "Nani wewe?" kidole kikiwa nje ya triga, huyo ndiye amefuzu.

Na nyie wa vijiweni, mkimpata mwalimu wa kuchomoa, muulizeni swali moja kabla ya kumlipa: wewe umewahi kumfeli mwanafunzi kwa sababu alikuwa mwepesi mno? Akicheka, ondokeni.

Nawasilisha.