Kocha Msaidizi Si Spea Tairi

Leo siandiki habari za bumu kuchelewa wala siasa za DARUSO. Leo ni kikapu. Najua nusu yenu mpira kwenu ni Simba na Yanga tu, lakini vumilieni kidogo, maana neno lenyewe linamgusa kila mtu anayetegemea kuajiriwa siku moja.

Kuna kauli naisikia sana hapa chuoni, tena kwa watu wenye akili zao: ukiona mtu kakaa miaka na miaka ni "msaidizi", basi huyo maisha yamemshinda. Msaidizi ni spea tairi. Anakaa nyuma ya gari akingoja lile la mbele lipate pancha. Mimi nasema hapana, na mfano wangu ni kocha msaidizi wa kikapu cha vyuo vya Marekani. Nikisema hapana simaanishi kazi yao ni ya raha. Ni kazi ya heshima ambayo imewekewa mazingira ya ovyo, na haya ni mambo mawili tofauti.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi tunamjua yule mzee wa suti anayemfokea refa pembeni ya uwanja. Wale watatu waliokaa kwenye viti na makaratasi mkononi hatuwajui. Katika daraja la kwanza la NCAA, kile chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa miaka mingi timu ya wanaume iliruhusiwa kocha mkuu mmoja na wasaidizi watatu. Julai 2023 sheria ikaruhusu kuongeza wawili wengine. Hao ndio injini. Kawaida wanagawana wapinzani: huyu anachukua mechi ya Jumamosi, yule ya Jumanne. Ukipewa mpinzani, unakesha na video zake mpaka unajua mchezaji wao namba tano akipewa mpira upande wa kushoto anageukia wapi. Halafu unayafupisha yale yote, unawapa vijana kwa dakika chache, kwa sababu kijana wa miaka 19 ukimpa kurasa ishirini hasomi (tunajuana).

Hapo bado hajaenda kusaka wachezaji. Huyu msaidizi ndiye anayekaa kwenye majumba ya mazoezi mikoani akiangalia watoto wa sekondari, ndiye anayepiga simu kwa mama wa mchezaji, ndiye anayejua bibi wa kijana anaumwa. Kocha mkuu anakuja mwishoni kula chakula na familia na kufunga mazungumzo. Na kijana akishafika chuoni, akikosa usingizi saa saba usiku au akifeli mtihani, anayepigiwa simu si mzee wa suti.

Kwa lugha ya hapa kwetu: ni yule TA wa semina. Profesa anatoa lekcha ya saa moja, watu mia tatu wamejaa ukumbini, makofi. Lakini nani alikuelewesha lile swali la tatu? Nani alisahihisha karatasi yako? Basi ndiye huyo.

Sasa njoo kwa mtu anayeitwa Bill Guthridge. Mwaka 1967 alijiunga na Chuo Kikuu cha North Carolina kuwa msaidizi wa Dean Smith. Akakaa hapo hadi 1997. Miaka 30, bosi mmoja, benchi moja. Alikuwepo mwaka 1982 kijana mmoja wa mwaka wa kwanza anayeitwa Michael Jordan alipofunga kikapu cha ushindi kwenye fainali dhidi ya Georgetown, 63 kwa 62. Alikuwa msaidizi wa Smith pia kwenye timu ya Marekani iliyochukua dhahabu Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Ukimuuliza mtu wa mtaani kuhusu hayo yote atakutajia Jordan, labda na Smith. Guthridge hatajwi.

Oktoba 1997 Smith akastaafu akiwa na ushindi mara 879, rekodi ya wakati ule, na timu akakabidhiwa Guthridge. Ana miaka 60, hajawahi kuwa kocha mkuu wa chuo. Hapa wale wa "spea tairi" wangetegemea nini? Msimu wa kwanza akashinda 34 na kupoteza 4, akaifikisha timu kwenye nne bora za taifa. Msimu wa pili ukaishia vibaya, wakatolewa raundi ya kwanza na Weber State. Msimu wa tatu timu ikasuasua, watu wakamsema wee, halafu ikaingia mashindanoni ikiwa imepangwa ya nane kwenye kanda yake na ikafika nne bora tena. Mwaka 2000 akaaga. Jumla: ameshinda 80, amepoteza 28, nne bora mara mbili katika misimu mitatu.

Mimi nauliza: ule ujuzi aliupata lini? Haukushuka siku alipopewa ofisi kubwa. Alikuwa nao miaka yote ile tuliyokuwa tunamwita msaidizi. Cheo kilibadilika, mtu alikuwa yule yule. Smith na Guthridge walifariki mwaka mmoja, 2015, Februari na Mei. Ukitaka kumkumbuka mmoja bila mwenzake utapata tabu.

Na akina dada wana wao. Chris Dailey aliingia Connecticut mwaka 1985 pamoja na Geno Auriemma, na wakakaa pamoja miongo minne. Wakachukua ubingwa wa taifa mara 12, wa kwanza 1995, wa kumi na mbili 2025. Mwaka 2018 Dailey akaingizwa kwenye jumba la kumbukumbu la kikapu cha wanawake. Hebu niambieni huyo alifeli nini. Kuna watu kazi yao ni kujenga, na hawana shida jina la nani linaandikwa mlangoni. Sisi tunadhani kila mtu anataka kuwa rais wa darasa kwa sababu sisi tunataka.

Sawa, nimesifia vya kutosha. Sasa upande wa pili, ule unaoniudhi.

Kwanza pesa. Mnaosikia kwamba makocha wa kikapu Marekani wanaogelea kwenye mamilioni, ni kweli kwa wakuu wa timu kubwa. Chini yao kuna ngazi ndefu. Mwaka 1978 Roy Williams aliacha kazi ya kufundisha sekondari akaenda kuwa msaidizi wa muda pale pale North Carolina, mshahara dola 2,700 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi! Ana mke na mtoto mdogo. Ili aishi akawa anauza kalenda za timu, na Jumapili anaendesha gari kupeleka kanda za kipindi cha Dean Smith kwenye vituo vya televisheni. Miaka kumi baadaye, 1988, Kansas ikampa ukocha mkuu, halafu akarudi nyumbani North Carolina na kuchukua ubingwa 2005, 2009 na 2017. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa. Lakini jamani, tusiigeuze hii kuwa hadithi tamu ya kuwaambia vijana wakubali kufanya kazi bure. Tunamjua Williams kwa sababu alifika. Aliyeuza kalenda na hakufika popote hana kitabu.

Na msifikiri ubanaji huo ni bahati mbaya tu ya soko. Mwaka 1991 vyuo vyenyewe kupitia NCAA vilikaa vikapitisha kanuni: kila timu ya kikapu ya daraja la kwanza iwe na kocha mmoja wa "kipato kilichobanwa", asilipwe zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka wa masomo na 4,000 za kiangazi. Jumla 16,000. Baadhi ya watu waliokumbwa na kanuni hiyo walikuwa wanapata elfu 60 hadi 70 kabla. Sababu iliyotolewa? Kupunguza gharama na kuwapa nafasi makocha wanaoanza. Mnaisikia hiyo lugha? "Tunakulipa kidogo kwa faida yako, upate uzoefu." Nani hapa aliyefanya fildi hajaambiwa hivyo?

Wasaidizi wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi: waajiri wote wakikaa pamoja na kukubaliana bei ya mfanyakazi, huo si utaratibu, ni kula njama kwenye soko. Mahakama ikawakubalia mwaka 1995, mahakama ya rufani ikakazia mwaka 1998, na baraza la mahakama likasema walipwe fidia ambayo, ikizidishwa mara tatu kama sheria ile inavyotaka, ilifika dola milioni 67 hivi. Mwaka 1999 wakamalizana kwa milioni 54.5. Kesi hii naipenda kuliko mechi nyingi. Watu wa benchi, wasio na majina, waliibwaga NCAA nzima.

Pili, lawama. Septemba 2017 shirika la upelelezi la FBI lilitangaza kukamata watu katika sakata la rushwa ya kuwaelekeza wachezaji kwa mawakala. Kati ya waliokamatwa, wanne walikuwa makocha wasaidizi wa vyuo vikubwa. Wote wanne baadaye walikiri makosa. Simtetei hata mmoja, kosa ni kosa. Ila hakuna kocha mkuu hata mmoja aliyefunguliwa mashtaka ya jinai katika sakata lile. Unampa mtu kazi, unamwambia kibarua chako kinategemea kumleta yule mtoto mwenye futi saba, humuulizi anamletaje. Mambo yakiharibika, wewe ulikuwa ofisini, hujui kitu. Mfumo wa namna hiyo unamlea mtenda kosa halafu unashangaa.

Tatu, kuondoka. Kocha mkuu akifukuzwa au akihama, msaidizi naye kwa kawaida anafungasha, hata kama kazi yake ilikuwa safi. Guthridge alipostaafu mwaka 2000, kocha mpya Matt Doherty alikuja na wasaidizi wake kutoka Notre Dame. Waliokuwepo wakabaki nje, akiwemo Phil Ford, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya chuo hicho. Kama Ford hana kinga, nani anayo?

Sasa mtauliza, haya yote ya Marekani yanatuhusu nini sisi. Kuna uzi mmoja unaotufikia. Mtoto wa Dar, Hasheem Thabeet, alicheza Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009. Msimu wa kwanza alikuwa anafunga wastani wa pointi 6.2, wa tatu zikawa 13.6 na ribaundi zaidi ya kumi kwa mechi. Juni 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA, Mtanzania wa kwanza. Tulishangilia, tukamtaja kocha mkuu Jim Calhoun. Lakini mtu mrefu hafundishwi kuweka miguu kwenye hotuba ya mapumziko. Anafundishwa asubuhi, jumba tupu, mpira mmoja, na kwenye timu nyingi anayesimama naye pale ni msaidizi anayeshughulika na warefu, anarudia jambo lile lile mara mia. Sisi tunaotamani kutoa akina Thabeet wengine tunahesabu viwanja na viatu. Watu wa kusimama asubuhi na vijana hatuwahesabu, na tukiwapata tunawaita wabeba mipira.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kazi ya pili ni kazi. Ukiichagua kwa kuipenda, kama Guthridge au Dailey, usimwombe mtu radhi. Ukiichagua kama ngazi, kama Williams, jua kwamba wanaopanda ni wachache, ujiwekee mwaka wa kujiuliza kama bado unapanda au umening'inia tu. Na kwa vyovyote vile uliza mshahara, uliza mkataba wako unasemaje bosi akiondoka, uliza nani atabeba lawama. Heshima bila hayo ni makofi, na makofi hayalipi kodi ya chumba Sinza.

Na nyie mtakaokuwa mabosi, maana humu mpo, nawajua: siku ukipewa kombe, mwite na yule wa kiti cha pili alishike. Halafu kesho yake mwongeze mshahara.

Naomba kuwasilisha. Narudi kwenye asaimenti, inakusanywa kesho saa nne na nimeandika jina tu.