Watoto na Vitabu vya Kutisha

Kule Marekani, siku za vakansi kubwa, maktaba nyingi hukusanya watoto wasome pamoja. Nyingine huwapa hadithi za picha zenye mizimu na mifupa. Mara wakubwa hupiga kelele: Watoto wataharibika!

Kelele hizo si mpya, na sisi Wakatoliki tulikuwamo. Mwaka 1948, mjini Binghamton, wanafunzi wa shule ya Kikatoliki walichoma vitabu vya namna hiyo. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham aliandika kwamba vinawapeleka watoto kwenye uhalifu. Mwaka ule ule wachapaji, kwa woga, walijiwekea sheria: hata neno la kutisha lisiwe katika jina la gazeti la picha. Kumbe! Mwaka 2012 mwalimu Carol Tilley, aliyechunguza makaratasi ya daktari huyo, alionyesha kwamba maneno ya watoto yaligeuzwa na kutiwa chumvi. Watoto walisemewa wasiyoyasema.

Twawauliza wenye kelele: je, bibi zetu hawakutusimulia habari za zimwi mla watu, usiku, kando ya moto? Tuliogopa, tukamsogelea bibi, na kesho yake tukaomba tena. Ndiyo kazi ya kilabu hicho. Mtoto anayekatazwa atasoma vilevile, ila peke yake, chini ya blanketi, wala hana wa kumwuliza.

Hatusemi kila kitabu chafaa. Vingine ni uchafu mtupu, na mtunza maktaba aviondoe. Lakini avisome kwanza! Wangapi kati ya wanaovilaani wamefungua hata ukurasa mmoja?