Sitara Si Dalili ya Hatia

Liko neno moja ambalo mtu hawezi kukaa Bunyakiri, huku kwetu Kivu ya Kusini nchini Kongo, juma zima asilisikie, iwe sokoni Bulambika, iwe matangani, iwe ndani ya gari linalotoka Miti kuelekea Hombo, nalo husemwa kwa utulivu mkubwa kana kwamba ni hekima tuliyorithi kwa wazee: ati asiye na la kuficha hana la kuogopa, na sisi watu wa mashamba, tusio na akiba benki wala cheo serikalini, tuna siri gani hata simu zetu zikisomwa, namba zetu zikiandikwa popote na picha zetu zikazagaa kwa watu tusiowajua? Husema hivyo mwalimu, husema hivyo mwenye duka, na la kusikitisha zaidi ni kwamba husema hivyo hata mtu aliyepata kulala msituni na wanawe kwa kuwakimbia wenye silaha. Mimi nalikataa neno hilo, wala sikatai nusu yake bali lote, kwa maana nina yakini kwamba uongo huu hudhuru upesi zaidi katika nchi kama hii yetu kuliko katika nchi zenye amani, na kwamba hapana mtu mwenye haja ya sitara kumshinda maskini.

Wenye kusema hivyo wamechanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, yaani kuficha uovu na kujihifadhi. Mwizi huficha alichoiba, hilo sibishani nalo. Lakini mgonjwa naye huzungumza na tabibu mlango ukiwa umefungwa, na wazee wanaposuluhisha ndoa iliyoingia ufa huwatoa watoto nje kwanza, na katika hao wote hapana hata mmoja aliyetenda jinai. Katika mji wa Bukavu ipo Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ambako maelfu ya wanawake waliodhulumiwa miili yao kwa jeuri ya vita wametibiwa. Nani ana uso wa kusimama mbele ya mmoja wao akamwambia kwamba, maadamu yeye hakukosa, jina lake na maradhi yake na yasomwe na kila mpita njia? Aliyekosa ni mwingine, na huyo aliyekosa ndiye angependa mno kujua mwanamke yule alieleza nini na sasa anakaa kijiji gani.

Tena tusikae katika mambo makubwa tukaacha ya kila siku. Tazama kibanda cha kutolea pesa za simu siku ya soko. Mama amefika na mtoto mgongoni, kwa kuwa mwanawe aliyeko Bukavu amemtumia dola 30. Kijana wa kibanda humwambia, "Mama, taja namba," naye, kwa kuwa mashine ya kusaga iko jirani na kelele zake hazipungui, huitaja kwa sauti ya juu, na wote walioketi kwenye ubao wakingoja zamu yao husikia. Kisha huandikwa daftarini tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kadi ya uchaguzi na kiasi cha pesa. Na ukifika wakati wa kutia sahihi, mama hugeuziwa daftari zima, akaiona mistari ya wote waliomtangulia, nani alitoa ngapi na saa ngapi, kama vile na wanaomfuata watakavyouona wake. Baadaye hufunga pesa zake katika ncha ya kitenge akashika njia ya kwao kwa miguu. Hii ni nchi ambamo milango huvunjwa usiku, na wenye kuivunja aghalabu hutaja kiasi wanachokitaka, kwa kuwa wamekwisha ambiwa. Mama yule analo la kuficha, nalo ni zile dola 30, ambazo hakuziiba kwa mtu. Daftari nalo likijaa hapana ajuaye liendako. Mimi nimeuziwa karanga zilizofungwa kwa karatasi yenye majina ya watu na namba zao za simu, wino ukiwa bado unasomeka.

Na ile kadi yenyewe ya uchaguzi si karatasi ndogo. Nchi hii imekaa miongo mingi bila kutoa kitambulisho cha taifa, na tangu uchaguzi wa 2006 kadi ya mpiga kura ndiyo iliyoshika mahali pake, basi hiyo huonyeshwa kila mahali na kutolewa nakala kila mahali. Ndani yake mna jina na picha, mna wazazi, mna mahali pa kuzaliwa na asili ya mtu. Kwa wenzetu wa nchi nyingine pengine hayo ni mapambo ya karatasi. Kwetu sisi, asili ya mtu imekwisha kuwa sababu ya kuishi au kufa. Wabelgiji katika miaka ya 1930 waliwaandikia watu wa Rwanda ukabila wao katika vitambulisho, na waliopanga mstari kuandikwa hawakuwa na la kuficha hata kidogo, wala makarani waliowaandika pengine hawakuona kwamba wametenda zaidi ya kujaza nafasi katika karatasi. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, vitambulisho vilivyobeba neno lilelile vilisomwa kwenye vizuizi vya njia, na neno hilo moja likaamua nani apite na nani achinjwe kando ya barabara. Walioandikwa hawakubadilika, aliyebadilika ni msomaji. Nasi wa Kivu hatuhitaji kusimuliwa matokeo ya mwaka ule, kwa kuwa yalivuka mpaka yakaja kukaa kwetu.

Nitajibiwa kwamba wengi wanaotuandika leo ni watu wema: mashirika ya misaada, wauguzi, watu wa dini. Sikanushi wema wao, na wamo ambao bila wao vijiji vyetu vingekwisha. Lakini wema wa mwandishi haulindi kilichoandikwa. Mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo haina mfano katika kuchunga siri za watu wa vitani, ilitangaza kwamba wavamizi wameingia katika mitambo yenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, na hao walikuwa ndio wanyonge wa wanyonge: waliopotezana na jamaa zao kwa vita na majanga, waliopotea, waliomo vizuizini. Ikiwa hazina ya namna hiyo iliingiliwa Uswisi, sembuse orodha ya kugawia unga na mafuta iliyobebwa katika simu ya kijana wa kandarasi ya miezi mitatu, na kutumwa kwa WhatsApp kutoka kundi hili hadi lile.

Wala taarifa haina desturi ya kukaa katika kazi iliyoombewa. Mwezi Septemba 2020 mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ARPTC, ilianzisha daftari la simu zote lililoitwa RAM, na sababu tuliyopewa ilikuwa njema, kwamba simu bandia zijulikane na zilizoibwa zifungwe. Haukupita muda watu wakaona salio lao likipungua: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya intaneti, zikikatwa kidogo kidogo katika yuniti ambazo mkulima amezinunua kwa jasho ili ampigie mwanawe aliye shuleni. Kelele zikafika hata Bungeni, na mwaka 2022 tozo hiyo ikaondolewa. Iliondoka baada ya raia kukataa. Lau wote wangalijiambia kwamba hawana la kuficha, ingalikuwapo hadi leo.

Sasa nifike katika jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni hili: anayesema hana siri hasemi kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Simu ya mtu wa Bunyakiri ina namba za shemeji zake, za mwanachama mwenzake wa likirimba, yaani kikundi cha kuchangiana pesa, za binti aliyeolewa Hombo, za muuguzi, za mtu aliyejitoa katika kundi la wapiganaji na sasa amejificha akilima. Ina ujumbe wa sauti ambao mtu aliuleta kwa kumwamini. Hizo ni amana. Huna haki ya kuzitoa sadaka kwa sababu tu wewe binafsi huoni aibu. Kenya wameliona jambo hili kwa macho, pale programu za kukopesha zilipokuwa zikichukua orodha nzima ya majina katika simu ya mkopaji na kuwapigia simu mama zake, wakuu wake wa kazi na majirani, watu ambao hawakukopa hata senti, hata mwezi Septemba 2023 ofisi ya kulinda taarifa ya nchi hiyo ikaitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000. Huko kosa liliishia katika fedheha na faini. Hapa kwetu, mwaka 2017, wachunguzi wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika barabara za Kivu mbili, ambavyo sisi huviita bariere, na vingi kati ya hivyo vilisimamiwa na wenye silaha. Mtu akiambiwa kwenye bariere afungue simu yake, picha aliyopiga harusini ikiwa na mjomba aliyevaa sare, au jina moja tu lililohifadhiwa vibaya, laweza kumgharimu yeye na mwenye jina.

Ndiyo maana sina subira na ile desturi ya kumpa fundi simu yetu pamoja na kila kitu kilichomo. Kijana wa duka la kuchaji ndiye anayetufungulia WhatsApp, ndiye anayetutengenezea akaunti ya Google kwa jina alilolibuni papo hapo na neno la siri alijualo yeye, na simu ikija kujifunga baada ya miezi, ikadai lile neno, mwenye simu hana la kujibu na fundi amekwisha sahau, au amehamia Bukavu. Yeye ndiye pia anayetuwekea programu, hata ya tochi, zinazopita kutoka simu hadi simu kwa kuwa mega za intaneti ni ghali. Nani angeidhania tochi? Lakini mwaka 2013 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni yenye programu moja ya tochi, Brightest Flashlight, iliyokuwa imeshushwa na makumi ya mamilioni ya watu, kwa sababu ilikuwa ikipeleka kwa wenye matangazo habari za mahali mtu alipo, na watumiaji hawakuelezwa.

Na katika duka hilohilo hujazwa nyimbo mia kwa franga chache, wala mwimbaji hapati kitu, ingawa sheria ya haki za watunzi ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986. Nalitaja kwa sababu mzizi ni mmoja: tumejizoeza kuamini kwamba kitu kisichoshikika kwa mkono hakina mwenyewe, basi wimbo hauna mwenyewe, na jina la mtu, na sura yake, na maneno yake, vivyo hivyo.

Wapo watakaoniambia kwamba serikali haina budi kuwajua watu ili iwashike wahalifu. Na iwajue, lakini kumtafuta mhalifu mmoja kwa amri ya hakimu ni jambo moja, na kumweka kila raia wazi mbele ya kila karani ni jambo jingine, na katika hilo la pili mhalifu ndiye wa kwanza kufaidi, maana yeye ananunua daftari kwa pesa za wizi. Wengine watasema faragha ni anasa ya matajiri. Ni kweli kwamba matajiri wanaijua thamani yake: Mark Zuckerberg, ambaye utajiri wake wote umetokana na mambo ambayo watu wameyaanika mbele ya Facebook, mwaka 2013 alinunua nyumba nne zilizoizunguka nyumba yake huko Palo Alto asipate majirani wa kumchungulia. Yeye akivamiwa ana kuta, ana walinzi na ana mawakili. Mama wa Bunyakiri ana mlango wa mbao, na ngao yake iliyobaki ni kwamba watu hawajui alichonacho.

Sheria hatukukosa. Ibara ya 31 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake, na sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imezungumza kwa kirefu juu ya taarifa za watu na mamlaka ya kuzilinda. Zote zimeandikwa Kinshasa kwa Kifaransa, na nadai zisomwe kwa Kiswahili na Kitembo katika makanisa, katika shule na mbele ya machifu wa Kalehe, eneo letu. Lakini hatuna sababu ya kungoja hilo ndipo tuanze. Kampuni za simu ziwape mawakala wao karatasi moja kwa kila mteja badala ya daftari la wazi. Shirika linalotaka alama ya kidole lieleze kwanza itahifadhiwa wapi, itaonwa na nani na itafutwa lini, na mtu akikataa asinyimwe unga. Na katika duka la kuchaji, mwenye simu aandike neno la siri kwa mkono wake mwenyewe, hata ikimchukua saa nzima, na fundi atazame upande mwingine.