Jozi ya Kwanza ya Vifaa vya Kusikia: Lipia Upimaji Kabla ya Daraja

Mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba usikivu wake umepungua kidogo, na kwamba vifaa vya kusaidia kusikia vitamfaa, hujikuta mbele ya swali la bei kabla hajaelewa anachonunua. Watengenezaji hupanga bidhaa zao kwa madaraja, kuanzia la kawaida hadi la juu kabisa, na bei hupanda kila ngazi. Familia nyingi hudhani kwamba mfuko ukiruhusu, daraja la juu ndilo salama. Naona kinyume chake. Kwa jozi ya kwanza na kwa upungufu mdogo, fedha ziende kwanza kwenye upimaji, urekebishaji na huduma ya baadaye. Daraja la kifaa lije mwisho.

Sababu imo katika tatizo lenyewe. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, upungufu ni mdogo pale sikio lililo bora linapoanza kusikia kwenye desibeli 20 hadi chini ya 35. Mtu huyu si kiziwi. Sebuleni penye utulivu anazungumza bila shida. Anachopoteza, hasa ikiwa chanzo ni umri au kelele za kazini, ni sauti nyembamba kama s, f, t na sh. Irabu, zenye nguvu, zinamfikia; konsonanti zinadondoka njiani. Ndiyo maana harusini au ndani ya daladala hawezi kutofautisha “amefika” na “ameshika”, naye hulalamika kwamba watu siku hizi wanamung’unya maneno. Kumkuzia sauti zote kwa pamoja ni kumwongezea kelele. Anahitaji nyongeza ndogo, pale tu kipimo chake kilipoonyesha pengo, na mara nyingi kizibo laini chenye matundu, ili sauti nzito ziingie zenyewe na sauti yake mwenyewe isimvumie kichwani.

Ushahidi unaelekea huko huko. Mwaka 2014, Robyn Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Memphis, Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha vifaa vya daraja la juu na vya kawaida kwa wazee wenye upungufu mdogo hadi wa wastani. Washiriki walivivaa katika shughuli zao za kila siku bila kuambiwa kipi ni cha daraja gani. Vyote viliwasaidia, na tofauti ya maana kati ya ghali na rahisi haikuonekana. Lakini vyote vilikuwa vimerekebishwa kwa uangalifu kulingana na sikio la mvaaji. Kazi hiyo ina kipimo chake: mtaalamu huingiza mrija mwembamba kwenye tundu la sikio, kifaa kikiwa kimevaliwa, kisha husoma kwenye kompyuta iwapo sauti inayoikaribia ngoma ya sikio ndiyo iliyokusudiwa.

Watetezi wa daraja la juu watasema lina mbinu nyingi zaidi za kupunguza kelele, na anayeshinda vikaoni anazihitaji. Huenda wapo wanaofaidika, ila hilo litajulikana baada ya kuvaa kifaa cha kawaida kilichorekebishwa vizuri. Pingamizi la upande wa pili ni zito zaidi: kwa nini basi kumlipa mtaalamu? Tangu Oktoba 2022, Marekani inawaruhusu watu wazima kununua dukani, bila cheti cha daktari, vifaa vya upungufu mdogo na wa wastani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria nao walichapisha mwaka 2023 utafiti ulioonyesha kwamba, baada ya wiki 6, waliojirekebishia vifaa vya namna hiyo walikuwa na matokeo yanayokaribiana na ya waliorekebishiwa na mtaalamu. Nayakubali matokeo hayo, na hayavunji hoja yangu: kifaa kile kilimpima mvaaji kupitia simu, kikajipanga kwa majibu yake. Vikuza sauti vya bei ya kutupa visivyompima mtu ni kitu kingine kabisa. Vinakuza mlio wa feni sawasawa na sauti ya mjukuu. Tena programu ya simu haichungulii sikio kuona kama limezibwa na nta tu, na anayepoteza usikivu ghafla anatakiwa kuwahi hospitali, si dukani.

Fedha itakayookolewa ina kazi. Betri ndogo namba 312, zenye kibandiko cha kahawia, hudumu takriban wiki moja. Anayeishi mbali na mahali zinapouzwa afikirie vifaa vya kuchaji. Anayekatikiwa umeme kila mara afikirie kinyume chake. Kwa unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja, kopo la kukaushia vifaa usiku si anasa. Kifaa kinachodhaniwa kimekufa mara nyingi kimezibwa kichujio cha nta, ambacho mvaaji akifundishwa hukibadilisha mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi, uliza: Je, mtakipima kifaa kikiwa ndani ya sikio langu? Bei hii inajumuisha kurudi mara ngapi kwa marekebisho? Kikiharibika kinatengenezwa wapi, na nani? Kisiponifaa, naweza kukirudisha? Muuzaji asiye na majibu ya maswali haya, usinunue kwake, hata kama kifaa chake ni cha daraja la kwanza.