Dada wa Mjini, Huyo Unayemchamba ni Nani?

Saluni za Temeke na Kinondoni, ukipigwa wimbo wa dada anayejitamba hela yake, gari lake, wateja wote wanaitikia huku kichwa kimesukwa nusu. Raha tupu! Kwa binti anayeuza mitumba Tandika na kodi ya chumba analipa mwenyewe, kusikia staa wa kike akiimba hivyo siyo jambo dogo.

Ila ngoja ubeti wa pili. Anayechambwa ni nani? Mwanamke mwenzake. Mara hana shepu, mara kaachika, mara wigi la mkopo. Jamaa aliyewachanganya wote wawili katulia zake, hata hatajwi. Ni urithi wa mipasho huo, na mipasho ni mitamu jamani, nani atabisha?

Lakini taarabu haikuanzia hapo. Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, aliimba "Kijiti": mwanamke kauawa Zanzibar, muuaji katoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakafungwa. Yaani alimsema muuaji na mahakama ya mkoloni juu.

Lady Jaydee naye akawasuta wanaume kwa "Wanaume Kama Mabinti". Safi sana, ila hata pale tusi lenyewe ni kufananishwa na binti!

Mastaa wa sasa, majina ya nini, wanajijua. Baba asiyeleta matumizi ya mtoto yupo kila mtaa Mbagala. Bosi anayetaka rushwa ya ngono ndiyo ampe dada kazi, yupo. Ubeti wa hao mbona hautoki?