Boneti likiwa wazi, mtoto yuko wapi?

Mzazi mwenzangu, pita mitaa ya Tabata, Kimara au Mbezi Jumamosi asubuhi, hutakosa kuliona. Gari limeegeshwa kivulini, boneti liko wazi, baba kavaa fulana iliyochakaa, na pembeni yupo jirani aliyekuja "kuangalia tu" lakini ameshashika spana. Huyu anabadilisha oili, yule anafunga redio mpya, na wa nyumba ya tatu anang'arisha rimu alizozitafuta Gerezani mwezi mzima.

Wapo akina mama wanaosema gari limekuwa mke mwenza. Wapo pia akina mama wanaofungua boneti wenyewe, na wanalijua gari kuliko waume zao. Ugomvi huo leo tuuache. Mimi naona mapenzi haya ya gari yana faida kubwa kwa familia. Yanamweka mzazi nyumbani mwisho wa wiki. Yanapunguza safari za gereji. Yanamfanya mwenye gari asikie mapema mlio usio wa kawaida, kabla haujawa gharama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gari ni hivyo hivyo: oili inayobadilishwa kwa wakati ni nafuu kuliko injini.

Tatizo ni moja. Fundi wa gereji akimwona mtoto anasogelea gari lililo juu ya jeki, humfukuza. Nyumbani mtoto hafukuzwi, kwa sababu ni kwake. Siku unapofungua gari uwanjani, uwanja wa kuchezea umekuwa gereji, na mtoto hajaambiwa.

Kwa hiyo naomba tujizoeze swali moja fupi, tulirudie kila tunaposhika spana: mtoto yuko wapi?

Uliza kabla ya kupandisha jeki

Jeki inayokuja na gari kwenye buti ilitengenezwa kwa kubadilishia tairi. Haikutengenezwa ili mtu aingie chini ya gari. Gari dogo kama Toyota IST lina uzito wa karibu tani moja, na viwanja vyetu vingi ni mchanga. Jeki ikizama au ikiteleza upande mmoja, hakuna muda wa kujitoa.

Tafuta sehemu ngumu na tambarare. Weka gia ya P, au ingiza gia kama gari ni la manyuo, kisha vuta breki ya mkono. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Gari likishapanda, likalishe juu ya stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Usitumie matofali ya saruji. Tofali linaweza kubeba gari kwa saa nzima kisha likapasuka ghafla bila kukupa dalili. Kama huna stendi, usiingie chini. Kazi hiyo ipeleke gereji.

Sasa mtoto. Akikuona umelala chini ya gari, naye atataka kulala chini aone unachokiona. Mwingine atapanda ndani ajifanye dereva, aruke kwenye kiti, achezee breki ya mkono. Funga milango, ufunguo uweke mfukoni mwako. Chora mstari kwa chaki au kwa kijiti hatua kadhaa kutoka kwenye gari, umwambie kwamba bila kuitwa hauvuki. Watoto huuheshimu sana mstari wanaouona, kuliko "kaa mbali" ambayo hawajui inaanzia wapi.

Uliza kabla ya kuwasha injini

Moshi wa gari una hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Injini ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa, au chini ya dirisha la chumba anacholala mtoto, hewa hiyo huingia ndani bila mtu kujua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na ni rahisi kudhani ni malaria au uchovu. Toa gari nje kwanza, ndipo uwashe.

Kuna pia feni ya rejeta. Kwenye magari mengi ni ya umeme, na inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa lakini bado ina joto. Vidole vya mtoto havina biashara pale. Ncha ya kanga au mkono mpana wa dera navyo vikae mbali na mikanda ya injini inayozunguka.

Mfuniko wa rejeta usiguswe injini ikiwa ya moto. Maji ya humo yako kwenye mgandamizo, kwa hiyo hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanaruka yakichemka, na uso wa mtoto anayechungulia uko sawasawa na kimo cha bampa. Subiri gari lipoe kabisa.

Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, hesabu watoto. Wote wasimame barazani ambapo dereva anawaona kwa macho. Kioo hakimwonyeshi mtoto wa miaka miwili aliyechuchumaa nyuma ya bampa akifuata mpira.

Uliza kabla ya kuweka chupa chini

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapojisahau. Petroli ya kusafishia vifaa inamiminwa kwenye chupa ya maji. Kulanti inayobaki inawekwa kwenye chupa ya soda. Oili chafu inatunzwa kwenye dumu la mafuta ya kula, maana tunajua italindia nguzo za banda dhidi ya mchwa.

Kulanti nyingi zina kemikali ya ethilini glaikoli. Ladha yake ni tamu, rangi yake ya kijani au waridi inafanana na juisi, na inaharibu figo. Kwa mtoto mdogo, kiasi kidogo kinatosha kuwa hatari. Petroli nayo hatari yake kubwa ni kuingia kwenye mapafu. Ndiyo sababu hata mtu mzima hapaswi kuivuta kwa mdomo kwa mpira.

Kila kimiminika kikae kwenye chombo chake cha asili, juu, kwenye kabati linalofungwa. Ikitokea mtoto amekunywa petroli, usimtapishe, kwa sababu kutapika kunaweza kuipeleka mapafuni. Usimlazimishe kunywa maziwa. Mkimbize hospitali, na ile chupa ibebe uwaonyeshe.

Oili chafu usiimwage kwenye mtaro wala karibu na kisima. Peleka gereji wanakokusanya kwenye pipa. Vaa glavu unapoishika, na mtoto asiipake mikononi kama rangi.

Uliza kabla ya kubadilisha chochote

Sasa tuje kwenye kuliboresha gari, eneo lenye raha kuliko yote. Mara nyingi huanza na redio. Magari yanayotoka Japani yana redio iliyopangwa kwa masafa ya nchi hiyo, yanayoanzia 76, wakati stesheni zetu zinafika 108. Kwa hiyo mtu anafunga redio nyingine. Baada ya redio inakuja spika, baada ya spika zinakuja taa.

Kila kifaa kipya kinataka waya, na kila waya unataka fyuzi ya kiwango chake. Fyuzi ikiungua mara kwa mara, inakuambia kuna hitilafu. Ukiitoa ukaweka kipande cha waya, umemfukuza mlinzi na mwizi bado yumo ndani. Waya utapata moto chini ya zulia, na aliyekaa juu ya zulia hilo ni mwanao. Kabla ya kugusa waya za gari, toa kwanza kichwa cha betri cha hasi, na ukimaliza kirudishe cha mwisho. Usiwashe sigara karibu na betri inayochajiwa, maana inatoa gesi inayolipuka. Moto ukitokea, toa watu kwanza, kisha piga Zimamoto namba 114.

Rimu kubwa zinapendeza. Lakini zikifungwa pamoja na tairi za mtumba, soma ubavu wa tairi. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka.

Kushusha gari kwa kukata springi ni jambo la kuliacha. Springi iliyokatwa haibebi mzigo kama ilivyokusudiwa. Barabara zetu zina matuta na mashimo, na familia ya watu watano na mizigo yao haina uzito wa gari la maonyesho. Usukani wa michezo nao unapendeza, lakini ukiondoa usukani wa asili umeondoa na mfuko wa hewa uliomo ndani yake.

Tena tusisahau makava ya viti. Angalia ubavuni mwa viti vya mbele. Ukiona kilebo kimeandikwa AIRBAG, kuna mfuko wa hewa humo, na kava lisilo na nafasi maalumu linaweza kuuzuia kufunguka. Kwenye kiti cha nyuma kuna kosa la kawaida zaidi: vifungio vya mikanda vimefukiwa chini ya kava. Gari lina rimu mpya na spika mpya, na watoto watatu nyuma hawana pa kuchomeka mkanda.

Ndiyo maana nasema mbele ya mwenzi wako andikeni orodha. Kwanza kiandikwe kinacholisimamisha gari, yaani breki na tairi. Kifuate kinachomshika abiria, yaani mikanda na kiti cha mtoto. Kifuate kinachoonyesha njia, yaani taa na waipa. Orodha hiyo ikiisha, hela iliyobaki ni ya urembo, na hakuna atakayenung'unika.

Kazi za kumpa mtoto

Usimweke mtoto nyuma ya mstari siku nzima. Mwite kwa zamu, wa kike na wa kiume, kwa kazi zinazolingana na umri.

Mdogo wa miaka sita anaweza kuosha rimu, kushika tochi, na kuhesabu nati kwenye bakuli ili zisipotee. Wa miaka kumi anaweza kuvuta kijiti cha oili injini ikiwa imezimwa na imepoa, akifute, akirudishe, asome kama oili iko kati ya alama mbili. Mfundishe kupima upepo wa tairi. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko. Hata kama maneno ni ya Kijapani, namba zinasomeka. 220 kPa ni karibu sawa na 32 za kipimo cha psi tulichozoea. Hapo umemfundisha na hesabu.

Wa sekondari anaweza kubadilisha filta ya hewa, waipa na balbu. Mfundishe pia kubadilisha tairi ukiwa umesimama naye: nati zilegezwe gari likiwa chini, zikazwe kwa kuvuka kutoka upande hadi upande, na zikaguliwe tena baada ya safari fupi. Binti anayejua hilo hatakwama usiku barabarani akimsubiri mtu asiyemjua.

Zipo kazi ambazo hata wewe mzazi usizifanye kwa kuangalia video: kufungua mfumo wa breki, usukani, mifuko ya hewa, springi za shokapu na mabomba ya petroli. Video imekatwa na kuunganishwa, na gari la kwenye video si lako. Kumpelekea fundi anayeaminika si aibu. Nenda na mwanao, muulize fundi maswali, rudini nyumbani mkiwa mmejifunza wote wawili.

Jumamosi hii, kabla ya kufungua boneti, fungua mlango wa nyuma. Toa makava, vuta kila mkanda hadi mwisho wake, uachie uone kama unarudi, kisha uchomeke usikie ukilia "ta". Angalia na kile kitufe kidogo kwenye ukingo wa mlango kinachozuia mtoto kuufungua kwa ndani gari likitembea. Kazi hii haihitaji spana wala hela, na mtoto anaweza kukusaidia mwanzo hadi mwisho.

Tukutane wiki ijayo.