Huyu "Utawala" Ni Mtoto wa Nani?

Ndugu zetu wa Riyadh na Jeddah, tuulizane kidogo. Makampuni ya umra, ya mizigo na ya kuajiri wafanyakazi yana kurasa za Kiswahili kwenye intaneti, na nyingi zimeandikwa vizuri. Soma mpaka chini utafute aliyeandika. Utakuta "Utawala", au "Timu Yetu".

Huyo Utawala sisi tunamfahamu. Ni kijana wa Tanga au wa Mombasa, mchana anafunga mizigo Batha au Balad, usiku anaandika kwa sababu bosi kagundua kwamba anajua Kiswahili sanifu. Mwenzetu mmoja wa Jeddah aliandika mwongozo wa umra kwa wazee: saa za kukwepa msongamano, namna ya kupata kiti cha magurudumu, dawa za kubeba mkononi. Aliyajua hayo kwa kuwashika mikono mama zetu katika tawafu, mwaka baada ya mwaka. Kampuni ikaweka juu yake jina la "Dokta" ambaye hajazaliwa, na picha ya Mzungu anacheka. Mkataba ulipokwisha akarudi nyumbani, akaomba kazi ya uandishi, akaulizwa: umeandika nini? Hakuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha.

Na hapa si pori lisilo na sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Saudia ya mwaka 2003 inampa mtunzi haki ya kunasibishiwa kazi yake, au kuitoa kwa jina la kubuni, au bila jina. Anayechagua ni mtunzi, si bosi.

Wenye makampuni wanatujibu kwamba jina la mwandishi halileti mteja. Tuwe wakweli: jina si hirizi. Google ilianza mwaka 2011 kuonyesha jina na sura ya mwandishi pembeni ya majibu ya utafutaji, ikauacha mpango huo mwaka 2014, na yenyewe inasema kubandika jina tu hakupandishi ukurasa. Lakini hiyo hiyo Google, katika mwongozo wa watu wake wanaokagua ubora wa majibu, inawataka waangalie nani kaandika na anaaminika vipi, na Desemba 2022 ikaongeza swali la kama ana uzoefu wa jambo lenyewe. Alama za wakaguzi hao hazishushi wala kupandisha ukurasa moja kwa moja. Zinaonyesha tu mtambo unatengenezwa uelekee wapi. Sasa nani ana uzoefu wa umra ya wazee, Dokta wa picha au kijana wetu? Mtu halisi hutafutwa kwa jina lake, hutajwa na wengine, huulizwa akajibu. "Utawala" nani atamtafuta?

Uongo nao una siku zake. Novemba 2023 huko Marekani, jarida la Sports Illustrated liliumbuliwa kwa kuchapisha makala chini ya majina ya waandishi wasiokuwepo, sura zao zimetengenezwa na kompyuta. Makala zikafutwa haraka, lakini aibu ilikuwa imeshavuka bahari.

Kinachotushangaza zaidi ni kwamba haya yanafanyika kwa watu wetu sisi, tuliosoma chuoni kwamba hadithi haipokelewi mpaka ijulikane nani kamsikia nani. Tafsiri ya Qurani ya mwaka 1969 tunaitaja kwa mwenyewe, Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Mama wa Pemba anayeuza karafuu zake apate nauli ya Makka, yeye ndiye tumpe maneno ya mtu asiyekuwepo?

Tunajua wako wasiotaka majina yao yaonekane, hasa wanaoandika juu ya mishahara na mikataba ya wafanyakazi wa majumbani. Hao waachwe, mradi waulizwe kwanza.

Kwa waliobaki, madai yetu ni madogo. Jina kamili juu ya makala, mistari miwili ya kueleza mwandishi ni nani na ameyajuaje anayoyasema, na tarehe. Akiacha kazi, jina libaki pale pale. Na nyinyi vijana, kabla hamjaandika makala nyingine, mwambieni bosi hayo kwa maandishi, nakala yake mbaki nayo.